Huyu Mama Hajalala

Mara ya kwanza niliitazama Under the Shadow peke yangu, sebuleni, binti yangu amelala chumba cha pili na mlango wake nimeurudishia bila kuufunga. Mara ya pili niliitazama na mama yangu. Makala hii naiandika kwa sababu ya mara ya pili.

Mama hasomi Kiingereza. Filamu inazungumzwa Kiajemi, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na mimi nilikaa katikati nikimtafsiria kwa sauti ya chini mtoto asije akaamka. Kumbe sehemu nyingine hakunihitaji. Likipita neno "ketab", yeye anasema "kitabu". Akitajwa jini, ananitangulia. Ilipofika kama nusu saa, kabla ya kitu chochote cha kutisha kutokea, wakati mwanamke wa kwenye filamu anasimama tu jikoni kwake akitazama dirisha, Mama akasema bila kugeuka: "Huyu mama hajalala."

Nimesoma uhakiki mwingi wa filamu hii. Umeandikwa na watu wanaoijua sinema kuliko mimi. Sijaona aliyeanzia hapo, na kwangu mimi hapo ndipo penye siri yake yote.

Nitaisimulia, na mwisho wake nitaufichua, kwa hiyo asiyeiona na anapenda kushtuka mwenyewe akaitazame kwanza. Ni dakika 84 tu.

Under the Shadow, yaani Chini ya Kivuli, ilitoka mwaka 2016. Aliyeiandika na kuiongoza ni Babak Anvari, mzaliwa wa Tehran anayeishi Uingereza, na hiyo ndiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Ilipigwa Amman, Jordan, kwa kuwa ndani ya Iran usingeweza kupiga filamu ambayo mwanamke anakaa nyumbani kwake kichwa wazi kama wanawake wote wanavyokaa majumbani mwao. Ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la Sundance, Netflix wakaichukua, na Uingereza ikaipeleka kushindania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Haikuingia hata kwenye orodha ya mwisho. Mwaka huohuo tuzo ile ilikwenda kwa filamu nyingine ya Kiajemi, ya Iran yenyewe, ya Asghar Farhadi, nayo ni filamu nzuri, sina ubishi nayo. Under the Shadow ilipata BAFTA, tuzo kubwa ya filamu ya Uingereza, ya kazi ya kwanza bora mwaka 2017, wahakiki wakaisifu kwa msimu mmoja, halafu ikazama. Leo watu wakitaja filamu za kutisha bora za miaka ile, hii huitaji mwenyewe. Ukishaitaja, watu wanakuuliza: ipi hiyo?

Ni Tehran ya miaka ya 1980, vita vya Iran na Iraki vilivyoanza 1980 vimefikia miaka yake ya mwisho, na makombora yanapiga miji. Mwaka 1988 peke yake, katika muda wa wiki chache, makombora zaidi ya mia moja yaliangukia Tehran, na watu wengi mno walihama mji. Ndani ya mji huo yumo Shideh, aliyeigizwa na Narges Rashidi, pamoja na mumewe Iraj ambaye ni daktari, na binti yao mdogo, Dorsa.

Tunamwona kwanza Shideh akiwa amekaa mbele ya meza ya ofisa wa chuo kikuu. Anaomba kurudi kusomea udaktari. Aliacha masomo vyuo vilipofungwa baada ya mapinduzi, na enzi za uanafunzi wake alijihusisha na vikundi vya mrengo wa kushoto, kama vijana wengi wa wakati ule. Ofisa anamwambia hapana. Si mwaka huu, si mwakani, hutarudi tena. Wanapozungumza, nyuma ya ofisa kuna dirisha, na kwa mbali, dirishani, kombora linaanguka mjini. Hakuna muziki wa kukuambia utazame. Kombora linaanguka kama vile mahali pengine mvua inavyonyesha, na mwanamke yule bado anapigania jambo lake.

Anarudi nyumbani, anakusanya vitabu vyake vya udaktari na kuvitupa. Anabakiza kimoja. Ndani yake kuna maandishi ya mama yake, ambaye ameshafariki. Kitabu hicho anakifungia kwenye droo.

Hapo bado hatujaona jini wala kivuli chake, lakini tayari namjua mwanamke huyu. Namjua kwa namna anavyofanya mazoezi sebuleni kwa mkanda wa video wa Jane Fonda, yule mwigizaji wa Marekani, mapazia yamefungwa, kwa sababu deki ni marufuku na jirani akiiona ni kesi. Fundi wa vioo akija, mbio ya kwanza ni kuificha deki kabatini. Namjua kwa hasira zake pia. Shideh si mama wa kwenye kalenda. Anamfokea mtoto, halafu anajuta, halafu anafoka tena. Mumewe anapoitwa kwenda kutibu majeruhi vitani na kumsihi aende kwa wakwe kaskazini, anakataa, na sababu za kukataa kwake zimechanganyika: kiburi, uchungu wa kunyimwa chuo, kutotaka kukaa nyumba ya watu akisimamiwa kama msichana. Kila anayemtazama anajua anakosea. Kila anayemtazama anajua pia kwa nini anakosea.

Filamu nyingi za kutisha hutupa watu ambao kazi yao ni kufa. Unawaona wanaingia msituni na unaanza kuhesabu. Hapa Anvari anatumia karibu nusu ya filamu yake kukuonyesha mwanamke anapika, anabandika selotepu kwenye vioo, anagombana na mumewe, anashuka ngazi na mtoto mkononi king'ora kikilia. Wapo wanaosema sehemu hiyo ni ndefu. Mimi nasema ondoa dakika tano tu za jikoni na nusu ya hofu yote ya baadaye itakufa, kwa sababu hofu ile inakua kwenye udongo huo.

Shuleni, kwenye fasihi, tulifundishwa neno taharuki: ile hali ya msomaji kutaka kujua nini kitafuata. Tulilikariri kwa ajili ya mtihani. Maana yake niliielewa vizuri kwa kombora moja la filamu hii. Linapiga jengo lao, linapenya hadi ghorofa ya juu, halilipuki. Mzee wa ghorofa hiyo anaanguka, na Shideh anaitwa kwa kuwa ndiye aliyewahi kusomea udaktari. Anambonyeza kifua, anajaribu, mzee haamki. Mwanamke aliyeambiwa hutakuwa daktari anamaliza siku akiwa amepiga magoti kando ya maiti. Kombora linaondolewa, lakini dari ya nyumba ya Shideh imebaki na ufa. Anaubandika selotepu. Tangu hapo, kamera ikielekea juu kidogo tu, unajikuta umeshika pumzi.

Kisha majirani wanaanza kuondoka. Hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote za taharuki humu, na haina damu wala kelele. Leo familia hii inafunga mizigo, kesho ile. Ngazi zinazidi kuwa kimya. Sauti za wengine, zile za kukohoa na kuburuta viti ambazo ukikaa ghorofani huzisikii tena kwa kuzizoea, zinakwisha moja moja, mpaka jengo zima limebaki na mwanamke mmoja na mtoto mwenye homa anayemtafuta mwanasesere wake aliyepotea.

Mimi nimekulia ghorofani, Michenzani, Unguja. Baba alikuwa Maskati akifanya kazi, na sisi tulikuwa watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume. Simu ya Baba ilikuwa ikipigwa kwa jirani wa ghorofa ya chini aliyekuwa na laini, tunaitwa kwa kupigiwa kelele ngazini, tunashuka mbio. Nakumbuka siku mdogo wangu alikuwa hoi kwa malaria, hata maji hayatulii tumboni, na Mama ameshika mkono wa simu akisema, "Hatujambo, sote wazima, usiwe na wasiwasi." Kisha akapanda ngazi akakaa chini kwenye mkeka, mgongo kwenye mlango wa chumba chetu. Kila usiku kabla ya kukaa pale alizunguka na kugusa makomeo, akiyataja: la mlango mkubwa, la jikoni, la chumbani. Nilidhani ni mazoea ya usafi, kama kufagia.

Kwa hiyo kwenye filamu simu inapolia, laini ina mikwaruzo na sauti ya Iraj inakatikakatika kutoka vitani, na Shideh anajikaza asimweleze kila kitu, nilimtazama Mama. Hakusema kitu. Alikuwa ameikunja ncha ya kanga yake na kuishika kwa mikono miwili.

Anvari ameeleza katika mahojiano kwamba baba yake alikuwa daktari aliyelazimika kwenda vitani, yeye na nduguye wakabaki na mama yao. Sishangai. Mtu hawezi kuitunga ile sauti ya mama anayemwambia mtoto "hamna kitu, lala" huku mwenyewe anasikiliza.

Nije kwenye jini.

Wanaoisifu filamu hii karibu wote huisifu kwa njia moja. Wanasema jini ni vita. Au jini ni utawala unaowabana wanawake. Au jini ni huzuni ya mama aliyekosa chuo. Yote hayo yamo, siyakatai, na Anvari ameyaweka kwa makusudi. Lakini naona kama wanamtetea jini kwa kumfuta, kana kwamba filamu ya kutisha haiheshimiki mpaka kile kinachotisha kigeuzwe kuwa somo la uraia. Kwetu Pwani jini ni jini. Ana makazi, ana tabia, ana anavyovipenda na anavyovichukia. Unaweza ukawa na shahada mbili na ukasema huamini, na bado usiku ukiitwa jina mara moja tu hutaitika, utangoja uitwe tena. Shideh ni mtu wa namna hiyohiyo. Ni mtu wa sayansi, anamcheka mke wa mwenye nyumba, Bi Ebrahimi, anayeamini mambo hayo. Anamkasirikia mtoto wa kiume aliyefiwa na wazazi wake vitani, ambaye Dorsa anasema ndiye aliyemsimulia habari za majini. Bi Ebrahimi anamjibu kwamba mtoto yule ni bubu, hasemi. Nilipomtafsiria Mama sentensi hiyo alivuta pumzi nikaisikia.

Filamu inasema majini husafiri na upepo. Kwa mtazamaji wa London huo ni ushairi. Kwetu imo ndani ya lugha: pepo na upepo ni neno moja na ndugu yake. Mtu akiugua ghafla tunasema kapigwa na upepo mbaya, na akipagawa anapelekwa kupungwa. Na jambo hili halikuishia huku kwetu. Kusini mwa Iran, kwenye bandari za Ghuba, wako watu wenye asili ya Afrika ambao wazee wao walivushwa bahari, wengi wakiwa watumwa, na mpaka leo huko wanatibu watu walioingiwa na pepo kwa ngoma wanayoiita zar, na pepo hao wanaitwa kwa neno la Kiajemi lenye maana ya upepo. Kwa hiyo Mama, kwa kumtangulia mtafsiri wake, hakuwa akibahatisha. Bahari ile imepita hapa na pale.

Na haya ya kusema jini ni siasa tuliyasikia Unguja zamani. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, Popobawa, yule pepo mwenye mabawa aliyesemwa kuwavamia watu usiku, alianza Pemba akavuka kuja Unguja, na watu wazima walibeba mikeka wakalala nje kwa makundi, moto umewashwa. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka ghorofa nzima kushuka na mito, na sisi watoto tulivyofurahi mwanzoni kama sikukuu, mpaka tulipoona nyuso za wakubwa. Baadaye wasomi waliandika kwamba ile ilikuwa hofu ya uchaguzi imevaa mabawa. Inawezekana kabisa. Lakini marehemu bibi yangu, ambaye alipiga kura ile na aliyaogopa mambo yote mawili, hakuona haja ya kuchagua. Alikuwa akisema watu wakiwa na hofu milango inakuwa wazi. Anvari ametengeneza filamu nzima juu ya jambo hilo hilo la bibi: vita vimefungua mlango, na kilichoingia ni kitu chenyewe. Ukikifuta ukabaki na vita tu, umemnyang'anya Shideh kile anachopigana nacho usiku.

Kuna tukio moja ambalo, kama ningekuwa mwalimu wa sinema, ningelionyesha kila mwaka. Shideh ameona kwa macho yake. Hana ubishi tena. Anamnyakua Dorsa, anatoka mbio usiku, miguu mitupu, kichwa wazi, anakimbia barabarani bila kujua aendako. Kwa sekunde kadhaa unashukuru: wametoka. Halafu wanasimamishwa na watu wa doria wenye silaha. Hakuna anayeuliza unakimbia nini. Wanauliza kwa nini umetoka hivi. Anapelekwa kituoni, anakaripiwa kwamba mwanamke anapaswa kuogopa aibu kuliko kitu kingine chochote, anavishwa chador, lile vazi jeusi la kuanzia utosini kama mabaibui ya bibi zetu, na anarudishwa. Anarudishwa kwenye nyumba ileile. Anaingia, anapita penye kioo, anajiona amefunikwa nyeusi, anaruka kwa woga. Na sisi tunaruka naye, kwa sababu jini tulishamwona naye akiwa amejifunika vazi hilohilo.

Dakika chache tu hizo. Zimebeba sheria, ndoa, mji, vita na kizuka, na hakuna aliyesimama kuhutubia.

Nimtaje pia Avin Manshadi, mtoto aliyemwigiza Dorsa. Watoto wa filamu za kutisha huwa ni wa aina mbili, malaika au shetani. Huyu ni mtoto. Analia kwa ajili ya mwanasesere wake Kimia mpaka unachoka naye, kisha unajionea haya kwa kuchoka. Anapomwangalia mama yake kwa wasiwasi, kana kwamba mama ndiye aliyebadilika, hujui umwamini nani. Wanafilamu wa Uingereza walimpa tuzo ya mwigizaji msaidizi kwa kazi hii, na aliistahili.

Haina dosari? Inayo. Karibu na mwisho chador inatanda chumba kizima kwa ufundi wa kompyuta, na kwangu hapo hofu ilipungua. Kitu kilichokuwa pembeni mwa jicho kwa saa nzima kiliponijia mbele kikiwa kitambaa kikubwa, nilikumbuka kuwa natazama filamu. Lakini ni dakika moja au mbili, na Rashidi anazivuka kwa uso wake.

Nadhani imesahauliwa kwa sababu za kawaida kabisa. Ni ya kutisha, na wagawa tuzo huiona hofu kama kitu cha vijana wa kula bisi. Ni ya Kiajemi, na mpenzi wa filamu za kutisha mara nyingi hataki kusoma maandishi ya chini. Ni ya Uingereza kwa pesa na ya Iran kwa roho, kwa hiyo hakuna taifa linaloibeba mabegani. Wanaotaka damu waliiona imetulia mno, wanaotaka filamu za sanaa wakaona aibu ya jini. Katikati hapo imebaki kazi ambayo ingeeleweka bila maelezo Tanga, Lamu, Moroni, na nyumba yoyote ambayo mwanamke amebaki na watoto na mume yuko mbali. Ndiyo maana nawaomba wasomaji wangu muitafute. Mtafsirieni mama yenu kama hasomi. Mtafsirieni bibi.

Mwisho wake ni huu. Katika filamu kuna kanuni iliyotajwa mapema: jini akichukua kitu unachokipenda sana, atakupata popote utakapokwenda. Ndiyo sababu mtoto hakubali kuondoka bila Kimia, na ndiyo sababu Shideh amechelewa mpaka sasa. Hatimaye mama na mwana wanaingia kwenye gari, mwanasesere amepatikana, gari linaondoka. Kisha kamera inarudi kwenye jengo tupu. Kichwa cha mwanasesere kimebaki. Na kile kitabu cha udaktari, chenye maandishi ya mama yake Shideh, nacho kimebaki.

Giza, majina yakaanza kupanda. Nikawasha taa. Mama alikuwa bado anatazama.

"Kitabu kakichukua?" akaniuliza.

"Hakukichukua, Mama."

"Na gari limeshaondoka."

"Limeshaondoka."

Akainuka, akajifunga kanga yake upya, akaenda kumwangalia mjukuu wake. Mimi nikakusanya vikombe. Nilikuwa nimesimama jikoni, maji yanatiririka, nilipomsikia anazunguka nyumba yangu taratibu, anagusa na kutaja, la mlango mkubwa, la uani, la chumbani.